Mwaka Tuliotengeneza Kijiji

Tulimzika Bi Kalunde Ijumaa baada ya swala. Ilipofika alasiri wanaume waliokwenda makaburini walikuwa wamesharudi, wamenawa, wamekaa chini ya turubai lililofungwa kutoka ukuta wa nyumba yake pale Gongoni, Tabora, hadi kwenye nguzo ya umeme. Kulwa, mwenzangu wa zamani, alikuwa ametoka Mwanza alfajiri na aliwahi mazishi kwa tabu. Hatukuwa tumeonana kwa miaka mingi. Ndevu zake zilikuwa zimeanza mvi, na mimi mwenyewe nakaribia arobaini, kwa hiyo tulisalimiana kama watu wanaokaguana kwanza. Baada ya chakula tulikaa na Rehema, binti wa dada yake marehemu, mwenye kazi yake Dar es Salaam. Alikuwa amelia hadi amechoka, akatoa simu na kuanza kucheza gemu kimyakimya, kisha akaona aibu akaifunika kwa mtandio. Kulwa alimwambia aendelee tu, hakuna ubaya. Ndipo alipotuonyesha. Lilikuwa gemu la maisha ya kijijini, la kupanda maua, kufagia uwanja na kuzungumza na majirani, lisilo na adui wala mshindi. Alisema humtuliza kuliko dawa, ila amelicheza mpaka amelizoea kila jani, na akitafuta mengine ya namna hiyo hayapati. Ya mpira yapo tele, ya kupigana na ya magari hayahesabiki, lakini la aina hii likitokea zuri, wanaoliiga ni wachache, na hao wachache huiga sura tu. Akatuuliza kwa nini, bila kujua anawauliza akina nani. Kulwa alinitazama, akatabasamu kidogo, akainama kuokota punje ya wali kwenye mkeka. Nikajibu mimi kwamba labda hayalipi. Ni kweli, lakini si kweli yote, na jibu lile limenikereketa tangu siku hiyo.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitano. Mkataba wangu wa kufundisha katika shule moja ya binafsi ulikuwa umekwisha bila kuongezwa, na nilikuwa nikiandika vichekesho vifupi vya redio ambavyo vilisikilizwa na wengi na kunilisha kwa shida. Kulwa alivisikia, akanitafuta. Alikuwa amepanga chumba cha mbele kwa Bi Kalunde, akaniambia cha pili kipo wazi na kwamba ana kazi ya mtu anayejua watu wa kawaida wanavyozungumza. Bi Kalunde alikuwa mjane, mwanamke mnene wa mwendo wa taratibu, aliyepika chakula cha mchana nyumbani na kukipeleka kwa watu wa madukani kule Kanyenye. Katikati ya vyumba vyetu palikuwa na sebule yake yenye makochi mazito yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, na meza ya kulia chakula ambayo haikuwekewa chakula kamwe, kwa sababu wote tulikula uani. Akatupa meza hiyo tuweke kompyuta. Dirisha lilitazama uani kwenye mafiga, kwa hiyo moshi, harufu ya karanga zinazokaangwa na mazungumzo ya akina mama waliokuja kumsaidia kumenya na kuchambua yaliingia sebuleni kutwa nzima. Walizungumza habari za waume, za mvua iliyokataa, za jirani aliyehama bila kuaga. Nilikuwa nikiandika huku nawasikiliza, na nusu ya maneno ya majirani wa gemu letu yalitoka kwenye lile dirisha.

Siku ya kwanza kabisa Kulwa hakunionyesha kazi. Alinipa mashine ndogo ya gemu ya kushika mikononi, aliyoinunua imetumika, akaniambia nicheze. Ndani yake mlikuwa na kijiji cha wanyama wanaoishi kama watu, na maandishi yote yalikuwa ya Kiingereza. Nilitafuta mahali pa kushinda nikakosa. Niliokota makombe ya baharini, nikatingisha mti, nikazungumza na mbuzi mmoja mwenye majivuno, na hakuna kilichotokea. Nikamwambia Kulwa kwamba huu ni upuuzi, akasema sawa, iache. Baada ya wiki kadhaa nikaishika tena kwa uvivu tu, mvua ikinyesha na umeme umekatika. Yule mbuzi alipotoka nyumbani kwake na kuniona, alisema alikuwa akijiuliza niko wapi, na kwamba anafurahi nimekuja. Basi. Hakunilaumu, hakuniambia nimepoteza nini. Lazima niseme kwamba mwaka ule hapakuwa na mtu aliyenisubiri mahali popote. Niliweka mashine mezani, nikaenda dirishani kutazama mvua, Kulwa akiniona.

Kisha akanionyesha kwenye simu yake magemu yaliyojaribu kuiga lile. Yalikuwa na nyumba nzuri zaidi, miti mingi zaidi, nguo za kila rangi. Ukicheza kidogo, mahindi yananyauka kwa sababu umechelewa. Ukicheza tena, unaambiwa ulipe ili mvua inyeshe. Simu inakuita katikati ya chakula kukwambia ng'ombe wako wanalia njaa. Kulwa aliyafunga moja baada ya jingine.

"Wameiga nyumba," alisema. "Hawakuiga jirani."

Aliyekuwa akitugharamia ni mfanyabiashara mmoja wa Dar es Salaam, Bwana Alfani, ambaye wazee wake walikuwa wa Tabora na ambaye alikuwa na mapenzi ya kweli na mji huu. Yeye ndiye aliyependekeza kijiji chetu kiwe kwenye njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka pwani ikapita hapa kwetu kwenda Ujiji. Alisema dunia nzima ina magemu ya mashamba, lakini nani ana wapagazi? Lilikuwa wazo zuri na tulilipokea kwa furaha. Tulikwenda Kwihara mara kadhaa kutazama tembe la kale, nyumba ya udongo yenye paa bapa, Kulwa akachora milango yake ya mbao, kuta zake nene, vumbi jekundu lilivyokaa kwenye vizingiti. Katika toleo letu la kwanza, wewe mchezaji ulikuwa na nyumba kando ya njia. Wapagazi walipita na mizigo kichwani. Uliweza kumkaribisha mmoja, ukampa maji, ukamtandikia jamvi, naye akakusimulia habari za alikotoka. Nyimbo zao Kulwa alizitengeneza kwa ngoma na miluzi, pole pole, na nilipoziona zile safu za watu wakipita mbele ya machweo ya rangi ya udongo nilidhani kwamba tumefika.

Bi Kalunde alikuwa akipita sebuleni na sinia la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, siku tulipokuwa tukilitazama. Alisimama nyuma yetu. Alipenda majiko, alicheka alipoona kuku. Wapagazi walipopita akawafuata kwa macho kutoka upande mmoja wa kioo hadi mwingine.

"Hawa wanaokwenda," aliuliza, "wamefungwa au wako huru?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua ili apate kuendelea kufurahi. Mimi nilisema kitu kuhusu wapagazi wa Kinyamwezi waliokwenda pwani kwa hiari yao na kurudi na nguo, jambo ambalo ni kweli, na Bi Kalunde akaitikia kwa kichwa, akasema ndiyo, na hao walikuwepo, ila kwenye njia hiyohiyo walipita na wengine. Akatuachia michembe akarudi uani. Tulikaa pale tukitafuna bila ladha. Tulikuwa tumetengeneza utulivu juu ya njia ambayo watu walipitishwa wamefungwa shingo, na hatukuwa tumejiuliza hata siku moja. Nimefikiri sana baadaye kwamba hii ni mojawapo ya sababu za ugumu wa kazi ile. Gemu la vita halikuulizi ardhi yako ina nini chini yake, linatia moto tu. Lakini ukitaka mtu apumzike mahali, atatazama huku na huku, na mahali penyewe pakiwa na uongo atausikia hata kama hawezi kuutaja.

Kulwa hakugusa kazi kwa siku nyingi. Nilidhani ataiacha njia ya misafara na kurudi kwenye shamba la kawaida. Siku moja akaniita nitazame, na nikaona kwamba amebadili kitu kimoja tu. Amewageuza. Wasafiri sasa walitoka upande wa pwani, hawana mizigo, wanakwenda bara. Wote walikuwa wanarudi makwao. Wengine walikuwa na makovu ambayo hawakuyasemea, wengine walikuwa wamesahau majina ya mito ya kwao na ilikubidi kuwakumbusha. Ukimkaribisha mmoja, unampumzisha tu katika safari ya kurudi. Bi Kalunde alipoonyeshwa alikaa kwenye kochi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mchana, akamtandikia jamvi mgeni wake wa kwanza kwa kidole kilichokuwa bado na unga.

Katika wasafiri wale alikuwepo mmoja ambaye Kulwa alitaka abaki muda mrefu kuliko wengine, akae jirani kabisa na nyumba ya mchezaji. Alimpa jina la Shija. Kwetu Shija ni jina la mtoto anayezaliwa baada ya mapacha, na mwenzangu alikuwa Kulwa, pacha wa kwanza, lakini sikuona ajabu. Majina haya yamejaa Tabora nzima. Mtu akiitwa Kulwa, kila anayemfahamu kwa mara ya kwanza atamwuliza Doto, pacha wa pili, yuko wapi, na nilimsikia akiulizwa sokoni, kwa fundi viatu, hata na akina mama wa uani. Alijibu siku zote kwa utulivu kwamba yupo Nzega. Ikawa kazi yangu kumwandikia Shija maneno, na hapo ndipo nilipopata tabu. Kulwa alikubali kila nilichowaandikia wengine. Kwa Shija alisoma, akatikisa kichwa, akasema hasemi hivyo. Shija huanza kucheka kabla ya kumaliza kisa. Shija humwita kila mtu mzee, hata mtoto mchanga. Shija hali muhindi wa kuchoma kwa kuzungusha, huanzia chini kwenda juu. Nilifuta na kuandika, nikafuta na kuandika, mpaka nikamjua yule mtu wa bandia kuliko nilivyowajua ndugu wengi wa kweli.

Kuelekea kiangazi kazi ilianza kwenda kombo kwa namna ambayo ilinichukua muda kuiona. Kulwa alikuwa mbele ya kompyuta muda wote, kwa hiyo nilidhani anafanya kazi. Nilipokaribia niliona hafanyi kitu. Alikuwa amesimama uani kwa Shija, ndani ya gemu, anamsikiliza akirudia maneno niliyoyaandika mimi. Sahani yake ya ugali na mlenda ilirudi kwa Bi Kalunde ikiwa na alama moja tu ya kidole. Alikonda. Akina mama wa uani walipunguza sauti kila alipopita kwenda kuoga, na nilimsikia mmoja akisema kijana huyu ana kitu, mwingine akasema hana kitu, amekosa kitu. Nilijaribu kuzungumza naye. Alisema anapumzika kidogo tu. Nami nilikuwa nimeshuhudia jinsi maneno machache ya mbuzi wa bandia yalivyonipeleka dirishani, kwa hiyo sikuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba pumziko linaweza nalo kumla mtu.

Bwana Alfani alikuja wakati huo. Alikula uani pamoja nasi, akausifu uyoga wa Bi Kalunde, akacheza gemu kwa muda mrefu huku tai ameilegeza. Nataka nimtendee haki. Hakuwa mtu wa tamaa, na kulikuwa na watu wengine nyuma yake ambao nao walimwuliza maswali. Alisema ni kazi nzuri kuliko alivyotarajia. Kisha akauliza mchezaji asipofungua gemu kwa siku kadhaa anapoteza nini. Kulwa akasema hapotezi kitu. Bwana Alfani akaeleza kwa upole kwamba mtu harudi mahali ambapo hapotezi kitu. Alitaka mambo mawili. La kwanza, msafiri akishaingia kijijini asiondoke, abaki kuwa mali ya mchezaji, na kijiji kipimwe kwa wingi wa aliowakusanya. La pili, majirani wakitelekezwa wakasirike, na wakitelekezwa zaidi wahame. La kwanza Kulwa alilikataa palepale. Alisema kwa njia ile, katika mji huu, hawezi kutengeneza mahali ambapo mgeni akiingia hatoki. La pili alikubali kulijaribu, nadhani kwa sababu alikuwa amechoka kukataa. Aliweka ndani ya programu saa ya kuhesabu siku ambazo mchezaji hakuja. Mimi nikaandika ujumbe ambao mchezaji angeukuta mlangoni kwa jirani aliyehama. Tuliusoma pamoja, sote watatu, tukaona unafaa.

Muda mfupi baadaye Kulwa aliugua malaria. Bi Kalunde na mimi tulimpeleka hospitali ya Kitete, akapewa dawa, tukamrudisha akalala chumbani kwake siku kadhaa akitokwa jasho na kuweweseka. Asubuhi aliyopata nguvu alikunywa uji wote, jambo lililotufurahisha, akaja sebuleni amejifunga shuka mabegani. Nilikuwa mezani namenya kitunguu cha Bi Kalunde. Aliwasha kompyuta akaingia kijijini. Nilimwona akitembea hadi nyumba ya pili. Mlango ulikuwa wazi, ndani hamna jamvi wala mtungi, na kwenye kizingiti palikuwa na ujumbe wangu: Nilikusubiri, hukuja. Nimeondoka.

Sijasikia tena sauti kama ile iliyomtoka Kulwa. Haikuwa kubwa. Ilikuwa kama ya mtu aliyebanwa na mlango na hataki watu wajue. Aliangukia magoti kando ya meza, akashika mguu wa kiti. Nilimwambia ni saa tu, saa ile tuliyoiweka, naweza kuirudisha nyuma sasa hivi na Shija atakuwepo, lakini hakunisikia. Bi Kalunde aliingia na mikono inayochuruzika maji. Hakuitazama kompyuta. Alikaa chini sakafuni, akamwegemeza Kulwa ubavuni kwake kama mtoto mgonjwa, akangoja. Kisha akamwuliza lile swali ambalo watu wote walimwuliza, ila yeye aliliuliza tofauti.

"Doto wako nini kilimpata, baba?"

Ndipo tulipojua. Walikuwa pamoja kwenye pikipiki, wanatoka Igunga kwenda kwao, Doto akiendesha. Lori liliwakuta kwenye kona. Kulwa alilala hospitali bila fahamu, na alipoamka aliambiwa kwamba mwenzake amekwisha kuzikwa. Watu wazima walifanya lililobidi kufanywa, maiti haikuweza kungoja. Alipopata nafuu alitakiwa kwenda nyumbani, akapanda basi likampitisha Nzega, hakushuka. Alifika Tabora akabaki. Mama yake alipiga simu mwanzoni, baadaye akawa anatuma salamu tu kwa watu. Kulwa hakuwa amesema uongo alipokuwa akijibu kwamba Doto yupo Nzega. Lakini hakuwa amekwenda hata mara moja. Kicheko cha Shija, na ule muhindi wa kuanzia chini, vilikuwa vya Doto.

Bi Kalunde alimsikiliza hadi mwisho. Hakusema pole, au kama aliisema ilikuwa kwa mkono. Alisema anaona hajamsindikiza ndugu yake, ndiyo maana anamtafuta njiani. Akasema mgeni akiondoka wewe umelala hana kinyongo, anajua ulikuwa umelala, ila mwenyeji ndiye anayebaki na deni la hatua za kumsindikiza. Kulwa alisema hawezi kumtazama mama yake usoni. Bi Kalunde akasema basi, siku ikifika, twende wote.

Siku haikufika upesi. Kwanza Kulwa alifanya kazi, na ilikuwa kazi niliyoiona mara moja tu maishani. Alifuta ile saa. Akatengeneza jambo jipya: msafiri akiwa amepumzika vya kutosha, anakwambia kesho anaondoka, na wewe unaweza kumsindikiza. Mnatoka pamoja. Mnapita kisima, mnapita mashamba ya mwisho, na kadiri mnavyokwenda maneno yanapungua, mpaka inabaki sauti ya nyayo. Mwishoni anasimama anakwambia umefika mbali, rudi sasa. Unaweza kurudi, unaweza kuongeza hatua chache, atakuruhusu na kukwambia tena. Kisha anakwenda. Njia inabaki wazi kwa muda, nawe unaitazama mpaka utakapoamua mwenyewe kugeuka. Nilimwandikia Shija maneno ya mwisho, na safari hii Kulwa hakusahihisha hata moja. Alimsindikiza mara moja, mbele yangu, mchana, akina mama wakicheka uani kwa jambo lao. Aliporudi kijijini alinawa uso akaomba chakula.

Bwana Alfani alipokuja tena alimsindikiza msafiri mmoja hadi mwisho. Alikaa muda akitazama ile njia tupu. Nilimwona akifuta miwani ambayo haikuwa na vumbi.

"Mchezaji anapata nini akimsindikiza?" aliuliza hatimaye.

"Hapati kitu," Kulwa alisema.

"Ndugu yangu, nitawaambia nini hawa watu?"

Walizungumza bila kugombana hadi chai ikapoa. Bwana Alfani alisema yeye mwenyewe angelicheza gemu hilo, na pengine ndilo analolihitaji, ila hajui namna ya kumwomba mtu fedha kwa ajili yake. Wakaachana hapo. Alichukua michoro na nyumba, kama mkataba ulivyomruhusu, akawapa vijana wengine. Gemu lilitoka baadaye, nikaliweka kwenye simu yangu. Kuta zilikuwa zile za tembe, machweo yale ya rangi ya udongo. Wapagazi walikuwa wamegeuzwa tena, wamebeba mizigo, na waliokaribishwa hawakuondoka. Walijipanga uani mwako na namba juu ya vichwa. Halikudumu. Hivyo ndivyo ningemjibu Rehema kama ningekuwa na pumzi siku ile ya msiba: kwamba mwenye fedha hawezi kungoja, na mwenye kulijua jambo lenyewe mara nyingi amelijua kwa sababu linamwuma, naye akishapona haoni tena sababu ya kulimaliza. Kati ya hao wawili ndipo magemu yale yanapofia. Kulwa hakulifungua tena gemu letu.

Tulikwenda Nzega mvua za kwanza zilipokuwa zimeanza, Kulwa, Bi Kalunde na mimi. Kutoka barabarani tulitembea kwenye njia ya mashamba yaliyokuwa yakitifuliwa, Bi Kalunde akipumzika kila penye kivuli. Mama yake Kulwa alikuwa nje akipepeta. Alimwona mwanawe kutoka mbali, hakukimbia wala hakupiga kelele. Aliweka ungo chini, akajifunga vizuri khanga, akangoja afike. Kulwa alipiga goti akamwamkia kwa lugha yao, mama akaitikia, akamshika kichwa kwa mikono miwili, muda mrefu, kama anayepima kama ni chenyewe. Akatukaribisha viti. Nilikuwa nimeogopa lawama njia nzima na sikusikia hata moja. Baada ya maji ya kunywa alimchukua nyuma ya nyumba, nasi tukafuata kwa mbali. Kaburi lilikuwa la udongo, limefagiwa, na msalaba wa mbao. Makaburi mengine ya ukoo pale yalikuwa yamejengewa. Kando ya lile la Doto palikuwa na tofali za kuchoma zimepangwa na kufunikwa kwa nyasi, na nyasi zenyewe zilionekana zimebadilishwa mara nyingi.

"Baba zako wadogo walitaka kujenga," mama alimwambia. "Nikawaambia hapana, hiyo kazi ina mwenyewe."

Kesho yake walijenga. Saruji ililetwa kwa baiskeli kutoka dukani, baba wadogo wawili wakaja, lakini walimwachia yeye mwiko. Hakuwa fundi, na mistari haikunyooka, na hakuna aliyemrekebisha. Alipanga tofali, akasimama, akatazama, akapanga nyingine. Mara moja nilimsikia akizungumza na kaburi chini kwa chini, baba zake wadogo wakajifanya wanachanganya mchanga. Alimaliza jua likiwa limeshapita utosini. Mama yake akamletea maji ya kunawa, kisha ugali na maharage, akala akaongezwa, akala tena. Mikono yake ilikuwa na saruji kwenye kucha. Alijinyoosha palepale kwenye jamvi alipokuwa amekaa kula, mchana kweupe, kuku wakipita karibu na miguu yake, akalala usingizi mzito wenye mkoromo. Watoto wa nyumbani walikuwa wakikimbizana na mmoja akataka kumwamsha acheze nao. Mama akamshika mkono.

"Mwacheni alale," alisema. "Akiamka atatukuta."